Barua ya wazi kwa wakubwa wa mawakili: tupeni pa kuuliza kabla hatujaharibu

Kwa Rais wa Chama cha Mawakili Tanganyika na Baraza lako la Uongozi, kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Mawakili, ile inayosikiliza mashauri ya nidhamu yetu, na nakala kwa wakuu wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo sote tunaiita Law School.

Waheshimiwa, shikamooni wakubwa zangu, na kwa tunaolingana habari za kazi.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja sasa tangu nivae joho, ofisi yangu ni chumba kimoja na kibaraza juu ya duka la vifaa vya umeme, nina sekretari mmoja na kijana mmoja wa kukimbiza faili mahakamani. Kesi zangu ni za mirathi, viwanja, mikopo, wafanyakazi waliofukuzwa, ndoa zilizovunjika. Nakala yenye jina langu na roll namba, yaani namba yangu kwenye orodha ya mawakili, nimeshawatumia kwa bahasha, hii ya hadharani nimelitoa jina kwasababu kuna mama ndani ya hii habari na mji wetu huu mdogo, ukishamtaja wakili watu wanamjua na mteja.

Naanza na huyo mama.

Mwaka 2018, siku ya Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, akaja mteja wangu mmoja niliyewahi kumwandikia mkataba wa kiwanja, anahema, ana fomu za benki mkononi, anachukua mkopo aongeze mtaji wa duka na dhamana ni nyumba yao ya Kihonda. Nyumba ya ndoa hiyo, kwahiyo mwenza lazima aridhie, hilo hakuna wakili asiyelijua, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema kwenye kifungu cha 59 na Sheria ya Ardhi nayo inasema kwenye kifungu cha 114. Fomu ya ridhaa ya mke, ambayo ni kiapo, ilikuwa imeshajazwa, picha ndogo imebandikwa, saini ipo, imebaki muhuri wa wakili tu. Nikamuuliza shemeji yuko wapi. Akasema yuko Turiani msibani, benki wanafunga saa kumi, afisa mikopo Jumatatu anaenda likizo, "wakili si unanijua mimi, mke wangu huyo nimkimbize wapi". Nikasaini nikagonga. Akaweka elfu ishirini mezani nikamshukuru nikafunga ofisi nikaenda zangu nyumbani.

Sasa mnajua nilichosaini ni nini. Chini ya kile kiapo kuna maneno ambayo sisi tunayapita kama mtu anayejaza tarehe tu, kwamba kimesainiwa hapa Morogoro na fulani ambaye namfahamu mimi mwenyewe, mbele yangu, leo tarehe kadhaa. Sheria yetu ya viapo, Sura ya 12, kifungu cha 8, inataka niseme kweli mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Yule mama nilikuwa simfahamu. Mbele yangu hakuwepo. Siku ile hakukuwa na kiapo chochote kilichochukuliwa na mtu yeyote ndani ya chumba changu, kulikuwa na mimi na mume wa mtu na kalamu.

Mwaka 2020 mama akaja mwenyewe. Amevaa kanga mbili, bahasha ya kaki kwapani, nikampa kiti nikamwamkia akaitikia vizuri tu, akatoa fotokopi iliyokunjwa mara nne akainyoosha mezani kwa kiganja. Akauliza, "Mwanangu, huu muhuri ni wako?" Nikaangalia nikasema ni wangu mama. Akaniuliza, "Na mimi umeniona lini?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo nikikaa ofisini peke yangu jioni lile swali huwa linanirudia, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo, aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua, labda tulionana mahali akasahau. Duka la mume lilishakufa, mume mwenyewe ameshahama, na mlangoni kwake benki wamebandika notisi ya siku 60. Ana watoto watatu mle ndani na mama mkwe anayeumwa miguu.

Kilichonifanya niwaandikie nyinyi ni kile kilichofuata baada ya mama kuondoka. Nilitaka kuuliza mtu. Nilitaka mtu anayejua kazi hii aniambie sasa nifanye nini, je nimwandikie benki, je nijitoe kabisa nimtafutie mama wakili mwingine, je nikisema kweli nimejifuta mwenyewe, je nikinyamaza nimekuwa nani. Nikampigia kaka mmoja aliyenitangulia miaka mingi kwenye kazi, namheshimu sana, akaniambia usiandike chochote, wewe sema hukumbuki, viapo vingapi unagonga kwa siku. Nikampigia wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu akaniambia sema mama alikuja ila sasa hivi anamtetea mumewe wagawane hela. Watatu wote ni watu wazuri, wanasali, wanalipia ada watoto wa ndugu zao. Walinijibu vile kwasababu kila mmoja wetu anajua kwamba mlango pekee wa maadili anaoufahamu ni ule wa kuingilia ukiwa umeshashtakiwa.

Nilikuja kusema kweli. Mama alipata wakili mwingine, akafungua kesi, mimi nikala kiapo, safari hii cha kweli, kwamba ule muhuri ni wangu, ile saini ni yangu, na mdai hakuwahi kufika mbele yangu. Nyumba haikuuzwa. Ila ilimchukua mama miaka mitatu ya kwenda na kurudi mahakamani, nauli, fotokopi, kuahirishiwa, siku nyingine hakimu hayupo, siku nyingine wakili wa benki anaumwa, miaka mitatu kwa muhuri uliogongwa chini ya dakika moja. Mimi hakuna aliyenipeleka Kamati. Ndo maana kwenye ile bahasha yenu nimeandika kila kitu na namba ya kesi, mkiona inafaa niitwe nitakuja.

Waheshimiwa, tembeeni kwenye steshenari zilizozunguka mahakama na benki za mji wowote wa nchi hii mkiwa mmevaa kawaida tu, mkatafute muhuri. Muhuri wa wakili unakaa kwenye droo pamoja na pini na gundi, kijana wa fotokopi anaugonga mwenyewe, vijana wanaoomba ajira wanatakiwa nakala za vyeti zilizothibitishwa basi foleni inafika nje, hakuna anayeangalia cheti halisi, saini inachorwa inayofanana, na wakili anapita Jumamosi kuchukua mgao wake. Wengine hata hawajui muhuri wao umechongwa wa pili. Halafu sote tunapiga kelele kuhusu mawakili vishoka, kwamba wanachafua taaluma, na ni kweli wanachafua, ila kishoka gani angepata pa kufanyia kazi kama sisi wenye leseni tungekuwa tunataka kumuona mtu usoni kabla ya kugonga.

Mnakumbuka 2022 matokeo ya Law School yalipotoka, wanafunzi 26 tu kati ya 633 ndo walifaulu moja kwa moja, nchi nzima ikalia, ikaundwa mpaka kamati ya kuchunguza. Ilikuwa sawa kuchunguza. Lakini mjadala wote ule ulikuwa wa mlangoni, nani aingie nani abaki nje. Aliyeshaingia akaapishwa akapiga picha na familia yake kwenye ngazi, kesho yake anaenda kufungua chumba Ifakara au Kahama peke yake na laptopu na deni, huyo nani anamuuliza unaendeleaje. Kanuni za maadili zipo, Tangazo la Serikali Na. 118 la mwaka 2018, nimezisoma zaidi ya mara moja, zinagusa karibu kila kitu, siri ya mteja, mgongano wa maslahi, hela, ukweli mbele ya mahakama. Shida yangu na kanuni ni kwamba haziitiki simu saa tatu usiku.

Nasema saa tatu usiku kwasababu mwaka jana nilipigiwa muda huo na kijana mmoja, wakili wa mwaka wa pili, alifanya mazoezi ofisini kwangu kabla hajaapishwa ndo maana ana namba yangu. Sauti imekauka. Akasema, "Dada, zimepita siku thelathini." Nikaelewa hapohapo. Mteja wake alishindwa Mahakama Kuu kesi ya shamba, akampa kazi ya kukata rufaa na hela kidogo ya kuanzia, na notisi ya rufaa kwenda Mahakama ya Rufani inatakiwa ndani ya siku 30 tangu hukumu, yeye alihesabu tangu siku alipopewa nakala ya hukumu. Kosa la kuhesabu. Mteja hajui, anaamini rufaa iko mahakamani. Sasa kijana inabidi aombe kuongezewa muda, na kwenye maombi hayo kila siku ya kuchelewa inatakiwa itolewe maelezo, na sote tunajua mahakama imesema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili sio sababu ya kutosha. Akaniuliza, "Niandike nilikuwa nimelazwa? Kuna daktari namfahamu."

Naomba muangalie hapo alipokuwa amesimama, maana hapo tunasimama wengi na hakuna anayesimulia. Akisema kweli, mteja wake asiye na kosa anaweza kupoteza shamba. Akidanganya, labda shamba linapona, ila amekula kiapo cha uongo na daktari naye ameingia. Akinyamaza, mteja anaendelea kutuma elfu hamsini kila mwisho wa mwezi kwa ajili ya rufaa ambayo haipo. Na juu ya yote, mtu anayeamua ni yuleyule aliyekosea, ndo anayeandika kiapo, ndo mwenye leseni ya kuilinda. Tunawafundisha wanafunzi kwamba mgongano wa maslahi ni kuwatetea watu wawili wanaoshtakiana, lakini huu wa wakili na kosa lake mwenyewe ndo mkali kuliko wote, na unatokea chumbani usiku bila shahidi.

Nilimwambia cheti usitafute, kesho asubuhi mwite mteja umwambie uso kwa uso, umrudishie hela yake yote, umwambie ana haki ya kutafuta wakili mwingine na wewe utampa kiapo cha kweli cha kumsaidia. Alikaa kimya muda mrefu, nikasikia feni tu. Akafanya. Mzee mteja, ananisimulia kijana, alimsikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Sasa baba, ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Maombi bado yanaendelea mpaka ninapoandika hii, sijui yataishaje, kwahiyo sitayasemea. Ila kwa waheshimiwa majaji kama barua hii itawafikia, naomba jambo moja kwa unyenyekevu: Mahakama ya Rufani yenyewe imewahi kukubali kwamba zipo nyakati kosa la wakili linaweza kutazamwa kulingana na mazingira yake yote. Wakili anapokuja mapema, na kiapo kinachosema nimekosea mimi, mteja wangu hana kosa, basi huo ukweli wake nao uwekwe kwenye mizani. La sivyo tunawafundisha vijana kwamba cheti cha daktari kina thamani kuliko kukiri.

Kwenye hela nako kuna yangu ya kusema, japo inaniuma. Kanuni zinataka hela ya mteja ikae mbali na ya kwetu. Ofisi ngapi za mtu mmoja mmoja zina akaunti mbili kweli? Wengi wetu tuna akaunti moja, au hata hiyo hakuna, ni namba ya simu. Fidia inaingia leo, kodi ya pango ni keshokutwa, ada ya mtoto ilishapita tarehe, na kuna malipo ya wateja wengine unayoyategemea wiki ijayo, basi unachukua "kwa muda". Hakuna wakili niliyemfahamu aliyeamka asubuhi akasema leo naiba, wote walianza na hilo neno, kwa muda.

Rafiki yangu mmoja aliwasimamia walinzi saba Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wakashinda, mwajiri akalipa yote kwa mkupuo kupitia kwake. Miezi kumi anawaambia mwajiri hajalipa. Siku moja wawili kati yao wakanijia ofisini kuuliza, mama wakili, hivi tukitaka kumkamata mwajiri tunafanyaje, na mmoja wao alikuwa amepanga chenji za nauli ya kurudia mezani kwangu akizihesabu kabla hajauliza bei ya ushauri. Nikampigia rafiki yangu mbele yao, nikatoka kibarazani. Alilia. Amewalipa kidogokidogo, bado watu wawili mpaka sasa. Sikumripoti. Najua kanuni na najua nilipaswa kufikiria zaidi, nilijiambia nikimripoti jina lake likifutwa walinzi hawapati hata shilingi, kwasababu wakili aliyefutwa atawalipa na nini. Inawezekana nilikosea. Ila hesabu niliyopiga ni hiyo, na ni hesabu ambayo mfumo wetu ndo umeilazimisha, kwamba ukimwadhibu wakili mteja hapati hela yake, na ukitaka mteja apate hela yake inabidi umfiche wakili.

Afrika Kusini wao wana mfuko kabisa kwa ajili hiyo, mteja ambaye wakili wake amekula hela aliyokabidhiwa kwa uaminifu anaenda kudai kwenye mfuko, wakili anashughulikiwa kivyake. Wenzetu Kenya hapo jirani wana Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili tangu 1989, na ile tume inaruhusiwa kuwakalisha wakili na mteja wasuluhishwe pale jambo linaposuluhishika, kabla halijawa la kufutana. Uingereza chombo kinachosimamia mawakili wao kina simu ya maadili, wakili anapiga anauliza. Siwasifii kwamba huko mawakili ni malaika, mawakili wa Nairobi na hela za fidia za ajali ni habari ndefu ya peke yake. Nasema tu kwamba hiki ninachoomba kinawezekana, kuna watu wameshakifanya.

Ninachoomba chenyewe ni kidogo. Namba moja ya simu. Mpokeaji awe wakili mzoefu, ikiwezekana waliostaafu au majaji wastaafu wanaopenda, wapokezane, na kuwe na sheria iliyoandikwa wazi kwamba atakachouliza wakili pale hakitatumika kumshtaki, isipokuwa kama anaeleza kwamba anaenda kutenda jinai. Kama mnao tayari mtu wa namna hiyo basi mtangazeni, mbandikeni kila mahakama, maana huku mikoani hatumjui. Hela yake ikatwe kwenye ada tunazolipa kila mwaka, mimi niko tayari kuongezewa na najua wenzangu wengi wako tayari, hata ikibidi semina moja ya hotelini ipungue.

Maana na zile semina, jamani. Tunaenda kwasababu ya pointi za kuhuishia leseni, tunasomewa slaidi za kanuni moja baada ya nyingine, maadili yanawekwa mwisho saa tisa wakati watu wanaangalia basi la mwisho. Sijawahi kukaa kwenye semina mtu akasema "mimi hili lilinitokea". Niiteni mimi. Nitakuja na ile fotokopi ya mama, nitaiweka ukutani kwa projekta, nitawaambia vijana huu muhuri ni wangu na hivi ndivyo ilivyokuwa. Naamini kwamba kuna kumi watakaonifuata pembeni wakati wa chai na mambo yao.

Na mteja naye apewe mlango wa karibu. Mwananchi mwenye malalamiko ya hakimu ana kamati ya maadili mpaka ngazi ya wilaya, Mkuu wa Wilaya ndo mwenyekiti. Mwenye malalamiko ya wakili, mama wa Mlimba ambaye wakili amepotea na hati yake ya shamba, anaambiwa aandike kiapo cha malalamiko, atafute wa kumwandikia, na wa kumwandikia ni wakili mwingine ambaye anakunywa kahawa na yule wa kwanza. Tangu 2021 sheria imetufungulia hata mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa ndo lugha ya mahakama, maana yake tunakutana na watu ambao hawajawahi kuwa na wakili maisha yao yote, hawajui hata kwamba wana haki ya kuomba risiti. Chapta zetu, yaani matawi ya chama huku mikoani, zina watu wazima wenye busara. Wapeni nguvu ya kuwaita wakili na mteja mezani ndani ya wiki mbili kwenye mambo ya faili lililozuiliwa, simu zisizopokelewa, hela isiyo na risiti. Hayo mengi yanaisha siku moja. Ya wizi yaende Kamati. Na kanuni zile ziandikwe ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida, kila wakili abandike pale mteja anapokaa kusubiri, mimi yangu nimeshaandika kwa mkono nimebandika juu ya benchi, wateja wanaisoma kuliko gazeti.

Kuhusu muhuri, tangu 2020 nina daftari. Kaunta buku ya kawaida. Kila anayekula kiapo kwangu anaandikwa jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, saa, anasaini au anaweka dole gumba, na muhuri nalala nao nyumbani. Nimepoteza wateja kwa hilo, kuna dalali mmoja wa viwanja alikuwa ananiletea mikataba mitano kwa wiki, siku niliyomwambia muuzaji lazima aje mwenyewe akaniambia "wewe mama una maringo", akavuka barabara, sasa anagongewa ng'ambo. Hapo ndo utaona daftari la mtu mmoja halisaidii mji. Likiwa sharti kwa wote, likakaguliwa siku ya kuhuisha leseni kama mnavyotukagulia pointi, dalali hana pa kuvukia. Sambamba na hilo iombwe barua ya benki inayoonyesha wakili ana akaunti ya wateja.

Mengine siyasemi yote. Kuna hili la muuzaji na mnunuzi kuja pamoja kwa wakili mmoja waokoe hela halafu mwaka unaofuata wanashtakiana na wote wawili wanakuita "wakili wangu", kuna haya ya kupiga picha nyaraka za wateja na kuzirusha kwenye magrupu ya WhatsApp kuomba msaada wa sheria huku majina yote yanaonekana. Hayo mtu akiwa na pa kuuliza atauliza.

Mama wa Kihonda bado tunasalimiana. Mwezi uliopita alikuja kula kiapo cha kupotelewa kadi ya benki, nikamfungulia daftari, akatoa kitambulisho kabla sijamuomba, akasaini taratibu herufi moja moja, akanirudishia kalamu akasema, "Leo umeniona." Nikamwambia ndiyo mama, leo nimekuona.

Leseni zetu zinaisha tarehe 31 Desemba. Naomba kabla ya hapo mnijibu kuhusu hiyo namba ya simu, hata kama jibu ni hapana, na mkihitaji watu wa kujitolea kuipokea zamu ya usiku wekeni jina langu.

Wenu katika kazi,
Wakili wa kujitegemea, Morogoro